Nasra Hajajibu

Nyasi kavu zikilowa maji zina harufu yake, na mie harufu ile sikutarajia kuikuta Olaya, mtaa wa kisasa wa Riyadh. Nilikuwa nimetoka kazini na wenzangu, tumeingia mkahawa mmoja mpya, ule wanaoupamba kwa vitu vya zamani ili vijana wapige picha, na dirishani wametundika kiyoyozi cha maji, kile cha bati chenye mapande ya nyasi ubavuni. Si pambo tu, kilikuwa kinafanya kazi. Nikasimama na kikombe mkononi. Wenzangu wakaniuliza kulikoni, nikawaambia hamna kitu, nimekumbuka nyumbani. Uongo mtupu. Nilikuwa nimemkumbuka mtu ambaye sikuwahi kumtia machoni, na malaika ya mikono yalinisimama mchana kweupe, watu wanakunywa kahawa.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Riyadh mnavijua viyoyozi vile, vilivyovuma kutwa na kudondosha maji kwenye ndoo. Sisi tulikaa Al-Murabba, ghorofa ya pili, nyumba ya zamani yenye korido ndefu isiyo na dirisha. Kiyoyozi kilikuwa kimoja tu, chumbani kwa bibi, kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Ukikaa koridoni, sauti ya bibi ilikufikia imechanganyika na ule mvumo, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Maneno mengine unayapata, mengine yanapotea.

Bibi, mama yake baba, alikuwa mwalimu wa Kiingereza huko Unguja kabla familia haijahama. Aliingia Saudia na baba yangu akiwa bado mchanga wa kubebwa, na Kiingereza chake. Mtoto hukua, lakini Kiingereza cha bibi hakikupata kazi hata siku moja, basi akakimalizia kwangu. Kila siku baada ya sala ya alasiri niliingia chumbani kwake, nikakaa mkekani, yeye kitini, magoti yake yakiwa yamefungwa kanga kwa sababu ya baridi yabisi.

Hakufundisha kama walimu wetu wa shule. Yeye maneno aliyapanga kwa koo. Yenye herufi zilezile mwishoni ni ndugu, akisema, na ndugu hawatenganishwi. Ukoo alioupenda kupita yote ni ule wa i, g, h, t. "Light," anasema, nami namfuata. "Night. Right. Sight. Bright." Hao kwake walikuwa watoto wa mjini, kila mtu anawajua. Halafu anashusha sauti. "Haya, sasa wazee wao." Ndipo yanakuja "wight," maana yake kiumbe, na "dight," maana yake aliyepambwa, na la mwisho kabisa "hight," maana yake kuitwa kwa jina. Nikamuuliza mbona kitabu changu cha shule hakina hayo.

"Waingereza wenyewe wameyaacha," akanambia. "Yamekufa."

"Sasa tunayasema ya nini?"

"Kwani babu yako hatumwombei dua? Kafa, ila katika ukoo wetu yumo au hayumo?"

Yumo, nikasema. Mtoto hukubali upesi, halafu anakwenda kujipikia maana yake mwenyewe. Mie nilichoelewa ni kwamba yale ni maneno ya wafu, ndiyo wanayozungumza huko waliko, na bibi ananifundisha ili nitakapokutana nao nisitahayari. Hata zile g na h, zinazoandikwa na zisitamkwe, nilizitazama kwa jicho la peke yake. Zimo, zimekaa kimya katikati ya wenzao. Nilikuwa naziandika haraka haraka, nisizikalie sana.

Alinisimulia vilevile jinsi darasa lake la Unguja lilivyokuwa. Kila mwanafunzi alipewa neno lake katika ukoo. Ukitajwa ukoo, wote husimama, kisha mmoja mmoja anasema neno lake na kukaa, mpaka ukoo utimie. Asiyesema anabaki kasimama, darasa zima linamngoja. Nikamwomba na mie anipe langu. Akasema yamekwisha, yote yana wenyewe. Nilinuna siku nzima.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo la jina langu, maana bila hilo mtaniona mwehu. Kwenye ikama, kile kibali cha kukaa Saudia, niliandikwa Nasra. Nyumbani hakuna aliyelitaja jina hilo, niliitwa Kibibi. Kwetu ni kawaida: mtoto akirithishwa jina la marehemu, wenye uchungu na marehemu hawalitamki, wanamtafutia mtoto jina jingine la kuitia. Binti wa ami yangu aliyerithi jina la nyanyake aliitwa Bimkubwa mpaka akaolewa. Na Nasra wa kwanza alikuwa binti yake bibi, dada yake baba, aliyefariki Unguja akiwa na umri kama wangu. Hayo tu ndiyo niliyoambiwa, na kuuliza zaidi ilikuwa utovu wa adabu. Yaliyobaki niliyajaza mwenyewe: jina ni la yule, mie nimeazimwa, na mwenyewe akilitaka atalifuata.

Mwaka ule bibi akaanza kubadilika. Kwanza alimwita baba kwa jina la kaka yake. Kisha akasali adhuhuri, akasahau, akasali tena. Halafu siku moja niliingia na daftari langu kwa ajili ya somo, nikamkuta kasimama wima, yeye ambaye kutoka kitini ilikuwa kazi ya watu wawili. Hakunitazama. Alikuwa anasomesha darasa, na darasa lenyewe silioni.

"Light," akasema, akanyamaza, akasikiliza. Akatikisa kichwa. "Good." Kisha "night," na kunyamaza tena, na safari hii akacheka kidogo, kama mtu aliyejibiwa kwa utundu. Kilichonikausha mate ni kwamba vile vituo vyake havikulingana. Mwenye "sight" alijibu upesi. Mwenye "right" alikuwa wa polepole, bibi akimngoja kwa subira. Mwenye "bright" alikuwa mtukutu, kwa sababu bibi alimwambia ashushe mkono, zamu yake haijafika, na kesho yake akamwambia vilevile. Mtu hawezi kubuni mambo kama hayo kila siku bila kukosea. Ndivyo nilivyowaza wakati ule, na sina hakika kama nimeacha kuwaza hivyo.

Ukoo ulikwenda vizuri mpaka mwisho. "Wight." Kimya, good. "Dight." Kimya, good. Halafu "hight," na hapo uso wake ulibadilika. "Hight," anarudia. "Nasra." Anangoja. Kiyoyozi kinavuma, maji yanadondoka ndooni. "Nasra." Wala hakupandisha sauti. Alikuwa anangoja hivyohivyo mpaka adhana ya magharibi, ndipo anakaa, amechoka, na machozi yanamtoka bila kwikwi.

Mama akanikataza kuingia. "Ni uzee tu, mwache na darasa lake." Lakini mtoto akikatazwa mlango atakaa koridoni. Nilikaa pale kila alasiri, mgongo ukutani, nasikiliza jina langu likiitwa na si mie ninayeitwa. Wallahi hakuna kitu kinachotisha kama hicho. Ukiitwa unajibu, ndivyo tulivyolelewa. Nilikuwa nauma kanga ya mama nisije nikasema naam.

Baba ndiye aliyenituma ndani. Alirudi kutoka kazini siku hiyo akamkuta mamake analia, akaniinamia. "Wewe si Nasra? Basi nenda ukamjibu, apate kupumzika."

Nikaenda. Nilisimama katikati ya mkeka. Bibi akasema "hight," akasema "Nasra," nami nikajibu neno lile kwa sauti ya wazi, kama alivyonifundisha.

Hakunigeukia. Akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, kama mwalimu anavyomwambia mtoto aliyedandia swali la mwenzake, "Si wewe. Mwache mwenzako aseme." Na kidevu chake kikaelekea kwenye ukuta wa kando ya kiyoyozi, pale chokaa ilipokuwa imefura kwa maji. Hapakuwa na mtu. Sikungoja kuangalia mara ya pili.

Haikupita muda baba akaja na habari nyingine. Alikuwa karani wa kampuni ya mizigo, mwenye kampuni ndiye kafili wake, yaani mdhamini wa ikama yetu, na kampuni inahama.

"Ofisi yote inakwenda Jeddah, bandarini," alimwambia mama. "Kafili kasema Jumamosi kila mtu awe mezani kwake. Asiyefika, halas. Mafi kazi, mafi ikama."

Hakuna kazi, hakuna ikama: mama akakaa chini palepale na mwiko mkononi. Sote tulikuwa ndani ya ikama ya baba: mama, mie, na bibi. Ikifutwa, tunarudishwa, na turudishwe wapi? Unguja hatukubakisha hata ukuta wa kuegemea. Nilikuwa mdogo, lakini hilo halikuhitaji kufafanuliwa. Katika jengo letu tuliwahi kuona familia ikitolewa, magodoro yao yakabaki uani mpaka yakapauka.

Makasha yakaanza kufungwa. Bibi akayatazama, akasema yeye haendi.

"Siwezi kuwaacha watoto wa watu katikati ya darasa. Nasra hajajibu."

Baba akapiga magoti, akamshika mikono, akaibusu. "Mama, Nasra kafa."

"Najua kafa. Nimemwosha mimi," bibi akasema, kwa akili timamu kabisa. "Lakini hajajibu."

Mama alitaka abebwe tu, aingizwe garini, huko mbele atatulia. Baba hakutaka kusikia. "Mama habebwi kama gunia la mchele. Nikimtoa kwa nguvu akanifia njiani, radhi yake nitaipata wapi?" Wakabishana mpaka mama akaingia jikoni na kuanza kuvigongagonga vyombo. Kumwacha nyuma hakuwezekani, na kubaki naye hakuwezekani. Kila siku jioni baba alisimama mlangoni mwa chumba kile, anasikiliza kama ninavyosikiliza mie, anatamani maiti aseme.

Na mie naomba asiseme. Hilo sikumwambia mtu. Wote nyumbani walikuwa wanataka Nasra ajibu ili tuondoke, nami najua akijibu tu, amerudi, na akirudi atataka jina lake. Nilijiuliza nitakuwa nani. Nilijiona nimekwenda kukaa na zile g na h, nimo ndani ya nyumba, naandikwa, na hakuna anayenitamka. Niliomba dua kila baada ya sala asijibu, kisha nikaomba msamaha, maana nilikuwa nawaombea wazazi wangu kufukuzwa.

Ikafika Alhamisi, gari la mizigo linakuja kesho yake. Mama alikuwa jikoni anafunga sahani kwenye magazeti, kakasirika, hataki kusemeshwa. Nilikaa kwenye kizingiti cha chumba cha bibi, mlango wazi, kwa sababu makasha yamejaza korido. Bibi kasimama. Darasa linakwenda. Light, night, right, wote walijibu. Mwenye "bright" akaambiwa ashushe mkono. Tukafika kwa wazee. "Hight," bibi akasema. "Nasra."

Simu ya mezani ikalia.

Baba alikuwa humo chumbani, kasimama karibu nayo. Akainyanyua, akasikiliza, akampa bibi. "Mama, ni yako," akasema.

Bibi akaiweka sikioni. Kutoka pale kizingitini niliisikia sauti, nyembamba, ya kike, imetoka mbali sana. Ikasema, "Present, teacher," ikakohoa kidogo, kisha ikasema, "Hight."

Kaka zangu na dada zangu, nilishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Bibi alibaki na ile simu sikioni muda mrefu. Hakuwa anaitazama, alikuwa anatazama ukuta ule wa chokaa iliyofura. Midomo yake ilicheza, ikakataa, ikacheza tena.

"Umechelewa, mwanangu," akasema. "Haya, sasa kaa."

Akafuata kwa macho kitu nisichokiona, kutoka ukutani mpaka mlangoni nilipokaa, taratibu. Akairudisha simu mahali pake mwenyewe. Kisha akapiga makofi mawili madogo, kama mwalimu anayewaruhusu watoto, akaniambia, "Kibibi, nipe buibui langu. Baba yako asije akachelewa." Baba alikuwa kageukia ukuta, mabega yanacheka au yanalia, sikujua.

Mie nilikimbilia kwenye kioo cha bafuni. Nikasema "Nasra" kwa sauti ndogo, nikaangalia kama midomo inayosema bado ni yangu. Ilikuwa yangu. Nikalirudia jina mpaka mama akanigongea mlango.

Jeddah tulipanga nyumba karibu na bandari, joto lake la majimaji, nguo hazikauki, na bibi hakusomesha tena. Alikaa dirishani akisikiliza honi za meli, mtulivu, anakula vizuri, na maneno yake ya ukoo hakuyataja hata mara moja. Nilidhani nitafurahi. Badala yake niliwakosa wale watoto, hasa yule mtukutu. Baba alikuwa na kazi yake na ikama yetu, na usiku nililala na taa imewashwa.

Mama ndiye aliyenitoa katika hofu ile. Nilikuwa nimeshakua, tunakaanga sambusa, nikamwambia kwamba mie sauti ya maiti nimewahi kuisikia. Akaweka kijiko chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Maiti gani? Yule Mercy."

Dada Mercy alikuwa Mkenya, akifanya kazi za ndani kwa madam wa ghorofa ya chini yetu. Baba alimfuata kwenye ngazi akamweleza shida yake. Mama alikataa katakata, akamuuliza baba kama haogopi kumsemea maiti, ndiyo maana siku ile alijifungia jikoni na hasira zake. Mercy naye mwanzo alikataa. "Baba Kibibi, madam akinishika na simu yake, mimi naekwa kwa ndege hiyo hiyo siku," alimwambia. Kisha akafikiri. "Lakini huyo nyanya alinipa kanga zake nikifika hapa bila kitu. Haya, niambie hiyo neno." Akaambiwa aseme neno tu. Lile la "present, teacher" aliliongeza mwenyewe, kwa mazoea ya shule yao.

Nikacheka na mie. Nilicheka sana, kwa sababu kitu kilichonikaa kifuani miaka yote kilikuwa kimetoka, na kimetoka kwa jina la kawaida kama Mercy. Nikamwonea baba huruma. Usiku ule nikazima taa.

Bibi alidumu kidogo baada ya hapo. Siku zake za mwisho akili ilikwenda na kurudi, na ikirudi ilikuwa safi kuliko yangu. Asubuhi moja nilikuwa nampaka mafuta ya nazi miguuni, jua limeingia chumbani, tunataniana, nikajisahau. Nikamuuliza kama anaikumbuka ile simu ya Murabba.

"Ya yule mtoto wa Kikenya?" akasema. "Naikumbuka."

Mkono wangu ukasimama.

"Mwanangu hajaniita teacher hata siku moja," akaendelea. "Nilimkataza kuniita mama darasani, akaniita mama hivyohivyo. Siku ile hakutaka kusema neno lake. Nikaona ananifanyia kiburi kwa kuwa ni mtoto wa mwalimu, mbele ya wenzake. Nikamwambia hukai mpaka useme. Akasimama mpaka kengele ya mwisho. Nilipomshika mkono twende nyumbani, alikuwa anaungua. Hata kusema alikuwa hawezi, mwanangu, nami namngoja aseme. Wiki haikwisha, nikamwosha."

Nikamfunika miguu kwa shuka. Nikamuuliza, kama alijua sauti si ya Nasra, kwa nini alikubali kuondoka.

"Baba yako alikuwa anazama, nimtazame tu? Na mie nilitaka kumwambia akae, miaka yote. Alikuwa kasimama pale ukutani, kachoka, ananiangalia. Nikifungua mdomo, ualimu unanizuia: hajasema, hajasema. Yule mtoto wa watu akasema badala yake. Nikapata ruhusa."

"Akakaa?"

"Akakaa."

Nilitabasamu, nikampapasa unyayo, kama anavyofanyiwa mgonjwa anayekubaliwa kila asemalo. Nikamuuliza, kwa kumfurahisha tu, alikaa wapi.

Bibi akanitazama kwa mshangao, kwamba mie niulize hilo.

"Mlangoni, palepale ulipokuwa wewe. Ulisogea ukampisha."

Nilitaka kucheka. Lakini kweli siku ile nilisogea, nikabana magoti, nikaacha nafasi ubavuni pangu. Nilidhani ni mama anataka kupita, na mama alikuwa jikoni anafunga sahani.